Muulize Fundi: Supachaja imeingia, boneti haifungi

Mwezi huu nimekusanya maswali ya aina moja sehemu moja, maana meseji nyingi zilizoingia zinalia kilio kilekile: mtu kanunua enjini yenye supachaja (pampu inayoisindilia enjini hewa), kaishusha kwenye gari, imeingia, alafu kitu kinagusa. Mmoja boneti inagusa, mwingine puli, mwingine feni. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu ukishaielewa hiyo nyingine zote zinakuwa nyepesi.

SWALI: Fundi shikamoo. Nipo Tabata, nina Corolla AE100 iliyokuja na 5A-FE. Nimepata 4A-GZE, ile yenye supachaja, kamili iliyotoka kwenye AE101, na giaboksi yake, wayaringi na kontroli boksi (kompyuta ya enjini). Fundi wangu kaifunga siku mbili tu maana mauntingi (vishikizo vya enjini) karibu zote zimekubali. Shida ni intakula, kile kipoza hewa ya supachaja kinachokaa juu ya enjini, boneti haifungi, inabaki kama vidole viwili. Fundi anataka tuinue boneti kwa nyuma kwa kuweka washa kwenye bawaba, mwenzake anasema tukate mbavu za ndani za boneti, na jirani yangu anasema tushushe enjini kwa kukata mauntingi. Gari ipo juu ya stendi wiki ya tatu. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa wiki tatu.

Kwanza usishangae kwamba enjini imeingia kirahisi namna hiyo, 5A na 4A ni ndugu wa tumbo moja, bloku za familia moja, ndo maana mauntingi zimekubali. Na hiyo enjini yako Toyota wenyewe waliifunga kwenye mwili wa AE101, zile gari za milango miwili za Levin na Trueno, toleo la GT-Z. Sasa nenda ukaangalie picha ya boneti ya GT-Z. Ina pua juu, ina tundu la hewa limenyanyuka. Yaani hata waliotengeneza gari intakula ya juu haikuwatoshea chini ya boneti bapa, wakalazimika kuipandisha boneti, na wewe una boneti bapa ya gari ya familia. Kwa hiyo hakuna aliyekosea kufunga, enjini imekaa panapotakiwa, kinachokosekana ni nafasi ambayo kwenye boneti yako haijawahi kuwepo. Nalisema hili mapema kwa sababu mtu akidhani enjini imekaa vibaya ataanza kuihamisha, na hapo ndo gari zinaharibika.

Tuanze na ushauri wa jirani. Kushusha enjini kwa kukata mauntingi, hapana kabisa. Ukishusha enjini sentimita tatu umeshusha na sampo (bakuli la oili) sentimita tatu, na unajua matuta ya huko Tabata yalivyo, alafu umeshusha na giaboksi kwa hiyo shafti zote mbili zinabadilisha pembe, sivijointi (viungo vya shafti) zinaanza kugonga ukikata kona, bomba la ekzosi nalo linashuka. Umetatua tatizo moja juu umeanzisha manne chini, na ya chini huyaoni mpaka yavunjike.

Washa kwenye bawaba. Hii naiona sana mjini na vijana wanaipenda kwa sababu inaonekana kama gari ya mashindano na wanaamini inatoa joto. Gari ikiwa imesimama kweli joto linatoka pale nyuma, ila ukiwa kwenye mwendo sehemu ile chini ya kioo cha mbele hewa inajikusanya na presha yake inapanda, ndo maana watengenezaji wanaweka hapohapo tundu la hewa ya kuingia kebini. Kwa hiyo ukikimbia hewa inasukumwa kurudi kwenye chumba cha enjini badala ya kutoka, na mvua nayo inafuata njia hiyohiyo mpaka kwenye plagi na nyaya. Kubwa kuliko yote ni usalama: boneti imetengenezwa ikunjike katikati gari likigonga mbele, na bawaba ndo zinaizuia isije na kioo kwenye vifua vya watu. Bawaba iliyosimama juu ya rundo la washa na bolti ndefu siiamini.

Kukata mbavu za ndani inawezekana, ila kuna kukata na kukata. Na hapa nitasimulia kitu ambacho bado kinaniuma. Nikiwa bado mgeni kwenye kazi hii nilikata boneti ya mteja, nikakata ule ubavu wa katikati unaokwenda mpaka kwenye ndoano ya kufungia kwa sababu ndo ulikuwa unagusa, nikasawazisha kwa grenda, ikafunga vizuri, nikafurahi. Baada ya wiki chache yule mteja akiwa barabara ya Morogoro kabla ya Chalinze boneti ikaanza kupepea, bati likachoka, ndoano ikachomoka na boneti ikaruka ikapiga kioo. Alikuwa na mtoto wake kiti cha mbele. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu mpaka leo, lakini kosa lilikuwa langu na boneti nililipa. Tangu siku hiyo ubavu unaoshika ndoano na kona mbili za bawaba mimi sizigusi, hata mteja akiniongezea hela.

Sasa kabla ya kukata chochote, pima. Umesema vidole viwili, vidole vya nani? Na vidole viwili wapi, mbele au nyuma, kulia au kushoto? Chukua unga wa ngano ukande mgumu kama wa chapati, tengeneza madonge ya saizi ya yai, yapange juu ya intakula kwenye kona zote nne na katikati, na jingine juu ya bomba linaloingia na jingine juu ya kifuniko cha hedi. Funika kila donge kwa kipande cha nailoni ili lisigande kwenye bati. Shusha boneti taratibu kwa mkono, usiiachie idondoke, iache ikae kwa uzito wake, alafu inua. Kata kila donge katikati kwa wembe na upime unene uliobaki kwa venia (kipimo cha milimita). Plastisini ya watoto nayo inafaa enjini ikiwa ya baridi, ila enjini ikishapata moto inalainika na kutiririka, unga unabaki na umbo lake. Ukimaliza utakuwa na namba kwa kila sehemu badala ya vidole, na mara nyingi utakuta kinachogusa ni kona moja tu ya intakula au klempu ya mpira iliyogeuzwa kichwa juu. Nimeshafungua gari lililotaka kukatwa boneti nikakuta shida ni klempu, nikaizungusha ikatazama chini, basi.

Ila namba hiyo ni ya enjini iliyolala, na enjini yako haitalala. Hapa ndo mafundi wengi wazuri wanateleza. Enjini imekaa juu ya mipira, ukikanyaga mafuta inajipindua kwenye mipira yake, na kwa sababu mipira ipo chini na pembeni, sehemu inayosogea zaidi ni ya juu, palepale ilipo intakula. Na supachaja sio tabo. Tabo inazungushwa na moshi wa ekzosi na inachelewa kidogo kujaza hewa, supachaja inavutwa na mkanda kutoka kwenye kranki (shafti kuu ya enjini) kwa hiyo nguvu inakuja palepale ukigusa pedali hata mzunguko ukiwa chini, enjini inaruka kama imepigwa kofi. Mimi nimepima gari ambayo mauntingi ya giaboksi imekufa, juu ya enjini pakasogea milimita 15. Sasa kama umeacha nafasi ya milimita 8 na umefurahi kwamba boneti imefunga, kazi unayo.

Kwa hiyo kagua mauntingi zote nne kabla ya kupima. Mpira uliopasuka au unaovuja mafuta badilisha, usipime juu ya mauntingi mbovu. Alafu enjini ikiwa imezimwa, breki ya mkono juu na mawe kwenye matairi, chukua mtaimbo uisukume enjini mbele na nyuma kwa nguvu, mwenzako ashike rula aone inasogea kiasi gani. Sipendi ule mtindo wa mtu mmoja anakanyaga breki na kuachia klachi huku mwingine kainamia enjini mbele ya gari, watu wameshagongwa ukutani hivyo. Ukitaka kuona ikiwa kwenye nguvu halisi weka madonge ya unga, funga boneti, nenda ukaendeshe dakika tano ukikanyaga vizuri, rudi ufungue usome.

Kipimo changu mimi: enjini ikiwa imesogea mpaka mwisho wake bado ibaki milimita 10 kati ya chuma na chuma. Ukijumlisha na mwendo wenyewe inamaanisha ikiwa imelala unahitaji kama milimita 20 mpaka 25. Chini ya hapo utasikia kugonga siku ya kwanza utakayopanda mlima na abiria.

Na usiniambie utaweka mauntingi ngumu za plastiki ili enjini isisogee. Itasogea kidogo ni kweli, lakini mtetemo wote unahamia kwenye mwili wa gari, kioo cha pembeni kinacheza huoni kitu, na nyufa zinaanza sehemu ambazo hazikuwahi kuwa na nyufa. Ukifunga kwa sababu nyingine sawa, usizifunge kwa ajili ya kuokoa boneti.

Kwa gari yako mimi ningechagua moja kati ya mbili. Ya kwanza ni kufanya walichofanya Toyota: toboa boneti juu ya intakula na ufunge pua, ukikata bati la juu na sehemu ya mbavu za katikati tu, alafu kingo zote za tundu zikunjwe na kuzungushiwa fremu ya bati jembamba ili boneti irudishiwe ugumu wake. Faida ni kwamba mabomba yanabaki mafupi na intakula inapata hewa ya baridi moja kwa moja, tena ukiiacha chini ya boneti iliyofungwa bila pua hata kama ingetosha ingekuwa inakaa kwenye joto la enjini na haipozi kitu. Kingo za tundu la pua zizungushiwe mpira au sponji nzito mpaka kwenye kingo za intakula ili hewa ipite ndani yake isikimbilie pembeni. Huo mpira ni laini, unasogea na enjini bila kugonga.

Ya pili ni kuhamisha intakula mbele nyuma ya bampa. Boneti inabaki ya kwako, mvua haikuhusu, gari halivuti macho ya kila mtu barabarani. Ila mabomba ni marefu, kila kona ya bomba ni sehemu nyingine ya kutafutia nafasi, na inabidi uangalie usizibe redieta na kondensa ya AC. Kama gari ni ya kila siku ya kwenda kazini na foleni za Dar, kwa moyo wangu nakuambia toboa boneti. Mabomba mafupi yana matatizo machache.

Na kabla sijakuacha, namba ya enjini kwenye kadi ya gari sasa si ile iliyopo kwenye bloku, fanya mabadiliko TRA mapema ukiwa na karatasi za manunuzi, usisubiri mpaka siku unauza.

SWALI: Fundi hujambo. Niko Kisauni, Mombasa, ni mwanamke na gari nalifanyia kazi mwenyewe pamoja na kakangu. Ni AE92 yenye 4A-GZE, ilikuwa sawa kabisa, tukaweka puli kubwa ya kranki ili supachaja iongeze hewa. Sasa nikikanyaga sana nasikia mkwaruzo upande wa kulia na harufu ya mpira, na mkanda umeshatoka mara mbili. Kaka anataka kulibonda chesesi kwa nyundo lipishe puli. Nimemkataza mpaka utujibu.

JIBU: Sijambo dada yangu, na umefanya vizuri sana kumkataza. Ile boriti ya chesesi upande wa kulia ndo imebeba mauntingi ya enjini na ndo inayopokea kishindo gari likigonga. Ukiibonda umeianzishia mkunjo, siku ya ajali itaanzia kukunjika hapo. Mficheni nyundo.

Sasa tupige hesabu kidogo. Puli ikiongezeka upana milimita 20, upande mmoja inaongezeka milimita 10 tu, kwa hiyo pengine kilichoibiwa ni kidogo kuliko mnavyodhani, na kama ikiwa imelala haigusi na inagusa ukikanyaga tu, basi tatizo lenu ni mwendo wa enjini, sio puli peke yake. Anzeni na mauntingi ya kulia na ile ya mbele. AE92 ni gari ya miaka mingi, mpira wa kiwandani utakuwa umechoka. Wekeni mpya, alafu fanyeni ule mtihani wa mtaimbo niliomweleza ndugu yetu wa Tabata hapo juu. Mara kadhaa nimeona mkwaruzo kama huu ukiisha kwa mauntingi tu.

Kama bado unagusa, angalieni puli yenyewe. Washeni enjini taratibu, simama pembeni, tazama ukingo wa puli ukizunguka: unakwenda sawa au unayumba? Puli nyingi za kiwandani zina pete ya mpira katikati ya chuma cha ndani na cha nje, na hizi kubwa zinazouzwa nyingine ni chuma kitupu kilichochongwa na fundi wa leti, kikichongwa nje ya katikati hata nusu milimita kinatupa mkanda. Mkanda kutoka mara mbili unanifanya niwe na shaka na hilo kuliko chesesi.

Mstari nao. Chukua rula ndefu ya chuma iliyonyooka, iweke kwenye uso wa puli ya kranki na uipeleke mpaka kwenye puli ya supachaja, iguse sawasawa pande zote. Mkanda wa mbavu nyingi haupendi kupinda hata milimita moja au mbili kutoka mstari. Kuna njia ya haraka ya kujua: enjini ikiwa inalia mkanda, nyunyiza maji kidogo upande wa mbavu. Sauti ikipotea kwa muda alafu ikarudi, mstari haupo sawa. Ikizidi na mkanda ukateleza, umelegea. Kuwa makini na vidole na nywele, na mtandio uvue kabla ya kuinama.

Lipo wazo la kusogeza enjini nzima kushoto kwa kutanua matundu ya mauntingi. Milimita 3 au 4 sitakataa. Zaidi ya hapo shafti ya kushoto inasukumwa ndani na ya kulia inavutwa nje, na jointi ya ndani ina mwendo wake maalum, ikivutwa kupita hapo inachomoka siku gari linaruka tuta. Ukisogeza kitu chochote inua gari matairi yaning'inie kabisa, zungusha kwa mkono, alafu weka jeki chini ya mkono wa sospensheni uisukume mpaka juu, zungusha tena. Isikaze popote.

Ila mimi nikiwa ndo mwenye gari ningerudisha puli ya zamani. Hii supachaja ya GZE, inayoitwa SC12, inameza hewa lita 1.2 kwa kila mzunguko wake mmoja, na ukubwa wa puli ndo unaamua inazunguka mara ngapi. Ongeza puli kwa asilimia 10, inazunguka asilimia 10 zaidi enjini ikiwa palepale. Na aina hii ya supachaja haikandamizi hewa ndani yake, inaisukuma tu mpaka inarundikana kwenye manifoldi (bomba linalogawa hewa kwenye silinda), kwa hiyo ukiizungusha zaidi inaongeza joto haraka kuliko inavyoongeza nguvu. Kwa joto la Mombasa na intakula ndogo ile ya juu, nguvu mliyopata asubuhi mchana haipo tena, na enjini ikianza kunoki (mafuta kulipuka vibaya ndani ya silinda) mnaua pistoni. Pesa ya puli wekeni kwenye intakula. Na kagueni oili ya supachaja, ina yake yenyewe, haitumii ya enjini, watu wengi wanaisahau miaka.

SWALI: Habari fundi, nipo Arusha. Baada ya kubadili enjini bomba za ekzosi ziko karibu sana na feni ya redieta, kama sentimita moja hivi. Haigusi. Je niiache?

JIBU: Usiiache. Kwenye hizi gari ekzosi inaangalia mbele, na enjini ikijipindua bomba ndo linakwenda na kurudi kuelekea redieta, kwa hiyo sentimita yako moja inaweza ikaisha ukibadili gia. Lakini hata isipogusa kamwe, joto la bomba litayeyusha plastiki ya feni na kukausha nyaya za mota yake. Nafasi ya joto na nafasi ya kugusana ni vitu viwili tofauti. Chuma kwa chuma nakubali sentimita moja, bomba la ekzosi na kitu cha mpira, plastiki au waya nataka sentimita tano, na kama haipatikani basi ngao ya bati katikati, yenye hewa pande zote mbili. Angalia na hozi ya pawa stiaringi inapopita maana ikipasuka mafuta yanamwagikia hapohapo kwenye moto.

Ukienda kununua feni nyembamba nunua pamoja na kava lake linalofunika redieta nzima. Feni nyembamba iliyofungwa kwa vibanio katikati ya redieta inapoza duara lake tu, kona zote zinabaki moto, na kwenye foleni geji inapanda. Arusha pana baridi utadanganyika, siku ukishuka Dar utaelewa.

SWALI: Shikamoo fundi. Mwanza hapa. Nimepata supachaja ya SC12 peke yake, bila enjini. Nataka kuifunga kwenye 4A-FE yangu ambayo nafungua kuweka ringi mpya. Nafasi ya ringi niweke ileile ya kawaida?

JIBU: Marahaba. Nimefurahi umeuliza kabla ya kufunga, wengi wanauliza wakiwa na pistoni iliyovunjika mkononi.

Hapana, usiweke ya kawaida. Ringi ni duara lililokatwa, na ule mkato unahitaji kubaki na uwazi hata ringi ikivimba kwa joto. Enjini yenye supachaja inachoma hewa na mafuta mengi zaidi kwenye silinda ileile, ringi inavimba zaidi, ncha zikikutana hazina pa kwenda, ringi inakaza ukutani, inakwaruza silinda na kung'oa ukingo wa pistoni. Silinda ya 4A ina upana wa milimita 81, yaani inchi 3.19. Kwa enjini ya kawaida mafundi wengi wanaanza na inchi 0.004 kwa kila inchi ya upana wa silinda, inakuja kama milimita 0.32. Kwa supachaja ya barabarani anza na inchi 0.005 kwa kila inchi, milimita 0.40, na ringi ya pili iwe wazi kidogo kuliko ya kwanza. Lakini karatasi iliyokuja na pistoni au ringi zako ikisema namba nyingine, fuata karatasi, usinifuate mimi.

Kupima: ingiza ringi kwenye silinda yake yenyewe, isukume na pistoni iliyogeuzwa kichwa chini ili ikae sawa, kama sentimita mbili na nusu chini, alafu fila geji (vibati vya kupimia uwazi) kwenye mkato. Ukipiga tupa, piga ncha moja tu, kutoka nje kwenda ndani, na ondoa makali yote kwa jiwe la mafuta. Kila ringi na silinda yake, zisichanganyike. Ukizidisha uwazi kidogo utapoteza mgandamizo kidogo, ukipunguza utapoteza enjini, kwa hiyo ukiwa na wasiwasi kosea upande wa uwazi.

Ila ringi si shida yako kubwa. 4A-GZE ilitoka kiwandani na pistoni za kufua na mgandamizo ulioshushwa, 8.0 kwa 1 zile za mwanzo na 8.9 kwa 1 za baadaye. FE yako ina pistoni za kawaida na mgandamizo wa juu kuliko hapo, na kontroli boksi yake haijui kama kuna supachaja, itaendelea kutoa mafuta na kuchoma plagi kama hakuna kilichobadilika. Usiiwashe hivyo. Kama umeshafungua, huu ndo wakati wa kutafuta pistoni za kufua zenye mgandamizo ulioshushwa na kontroli boksi inayoweza kupangwa upya, na kama hela haipo sasa hivi, funga FE yako vizuri na ringi za kawaida uendeshe, SC12 itakusubiri stoo.

SWALI: Fundi, mimi wa Morogoro. Bomba linaloingia kwenye supachaja linagusa servo ya breki (lile kopo linalolainisha pedali ya breki). Nimeambiwa nitoe lile bomba gumu niweke mpira laini upishe, au nibonyeze servo kidogo. Kipi bora?

JIBU: Hakuna kilicho bora hapo kaka. Servo haibonyezwi, ndani kuna kiwambo cha mpira na bati lake likiingia ndani breki zinabadilika. Na mpira laini nao hapana, kwa sababu kwenye GZE throto (mlango wa hewa unaofunguliwa na pedali ya mafuta) ipo kabla ya supachaja, maana yake kile kipande kati ya throto na supachaja kinanyonywa kwa nguvu kila unapoachia mafuta, mpira laini utakunjana kama mrija wa juisi. Tafuta kona ya silikoni yenye waya ndani, ya digrii 90 au 45, uzungushe bomba lipite juu au chini ya servo, na uache milimita 15 enjini ikiwa imesukumwa na mtaimbo kuelekea huko.

Ukiwa hapohapo chomoa hozi ndogo ya servo inayokwenda kwenye manifoldi. Katikati yake kuna vali ya njia moja. Kwenye enjini ya kawaida hata ikifa unaweza usijue muda mrefu, ila kwako supachaja ikijaza, manifoldi inakuwa na presha badala ya mnyonyo, na vali mbovu itapitisha presha hiyo mpaka kwenye servo, pedali inakuwa ngumu kama jiwe wakati ndo umetoka kukanyaga mafuta na unahitaji kusimama. Ipulize kwa mdomo kabla hujairudisha: kutoka upande wa servo hewa ipite, kutoka upande wa manifoldi ikatae kabisa. Ikipitisha hata kidogo, nunua nyingine kabla gari halijatoka gereji.